Mkebe wa bolti za mkaguzi

Mhariri,

Naomba nafasi gazetini mwako nimjibu msomaji mwenzangu wa Mbale. Barua yake ilisema kwamba sheria za usalama viwandani ni mambo ya Wazungu waliokwisha kushiba, na kwamba sisi Uganda tukianza kuzifuata, wawekezaji watafunga virago waende kwa majirani. Barua ile nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilikasirika. Mara ya pili nikakumbuka mkebe.

Mimi ni fundi mashine mstaafu, naishi Walukuba hapa Jinja. Kiswahili changu ni cha kiwandani. Pale mashineni tulikuwa Mlugbara, Mjaluo wa Kisumu, Mgisu, Msoga, Mnubi na Mnyarwanda, na kelele zile hazikumwachia mtu nafasi ya kujifunza lugha ya mwenzake. Tukakutana kwenye Kiswahili, na wengine tulikipeleka mpaka nyumbani, watoto wakakikuta mezani.

Niliajiriwa mwaka 1976 katika kiwanda cha nyuzi. Jinja ilikuwa na viwanda vya pamba zaidi ya kimoja, kwa hiyo sitakitaja, na waliokuwa wakubwa wake wengi wamekwisha kufa. Idara yangu ilikuwa ya kadi, yaani zile mashine zinazochana pamba kabla haijasokotwa. Kadi ni pipa kubwa lenye meno ya waya, linazunguka upesi, na ubavuni lina gia na mikanda. Gia zile zilitoka Uingereza zikiwa na kava la chuma, limefungwa kwa bolti 4. Pamba ikijazana ndani, inabidi uzime mashine, ufungue bolti 4, uondoe kava, usafishe, urudishe. Kwa mkono uliozoea ni dakika 10. Mashine moja ikijaa mara 6 kwa zamu, piga hesabu mwenyewe.

Nyapara wetu aliipiga. Akaniambia: "Fundi, toa kava zote. Bolti uziweke mahali tutakapoziona." Nikaziweka katika mkebe wa Blue Band juu ya rafu ya vifaa. Haukupita muda mkebe ule ukapata jina: mkebe wa mkaguzi. Maana bolti zile zilikuwa na kazi moja tu iliyobaki, kurudi mahali pake siku mkaguzi akija.

Alikuja mara 2 katika miaka niliyokaa pale. Mara zote ofisi ilijua wiki nzima kabla. Kuta zikapakwa chokaa, vyoo vikapata maji, tukapewa glavu ambazo jioni tulizirudisha stoo kwa kutia sahihi. Mimi nikapita na mkebe wangu, kava baada ya kava. Bwana yule alivaa suti, akatembea katikati ya mashine akiwa ameshika shati lake lisiguse mafuta, akaandika, akapelekwa ofisini akanywa soda. Kesho yake asubuhi bolti zilikuwa zimerudi mkebeni.

Usiku mmoja wa mwaka 1983 rafiki yangu, kijana wa Arua, alikuwa akifuta nyuzi kwenye gia kwa kitambaa, mashine ikiwa inazunguka. Kila mtu alifanya hivyo. Kitambaa kilishikwa, mkono ukafuata kitambaa. Vidole 4 vya mkono wa kulia. Nilikuwa karibu naye kuliko nyapara, na bolti nilizifungua mimi. Alilipiwa hospitali, akapewa mshahara wa wiki 2 na gunia la unga wa posho, akapandishwa lori la kwenda kwao. Yeye ndiye aliyekuwa akituandikia barua sisi sote, kwa wake zetu na kwa wazazi wetu, kwa sababu hati yake ilikuwa nzuri. Hati ya barua hii ni yangu, Mhariri, nawahurumia walioichapa.

Baada ya hapo wenzangu walinichagua niwe mjumbe wa chama cha wafanyakazi pale kiwandani, nadhani kwa sababu walijua nisingelala usingizi. Chama kikanipeleka kozi ya wiki moja Kampala. Mwalimu alitugawia karatasi zilizopigwa chapa za historia ya sheria za viwanda, na ndizo zilizonifungua macho. Nyingine nimezisoma baadaye, sasa hivi kwa simu ya mjukuu. Haya ninayomwambia ndugu yangu wa Mbale yanatoka huko.

Anaamini sheria hizi zilishuka na Mzungu kama suti na tai. Sivyo. Mzungu mwenyewe alizikataa kwa nguvu zote, na kwa maneno yale yale aliyoyatumia ndugu yangu.

Mwaka 1802 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria ya kwanza ya aina hii. Aliyeipeleka bungeni, Robert Peel, alikuwa yeye mwenyewe tajiri wa viwanda vya pamba. Ilihusu watoto wanagenzi, wengi wao watoto wa maskini na mayatima waliokabidhiwa kwa wenye viwanda. Ilisema wasifanye kazi zaidi ya saa 12 kwa siku. Kuta zipakwe chokaa mara 2 kwa mwaka. Wavulana na wasichana walale vyumba tofauti, na kitanda kimoja kisilaliwe na watoto zaidi ya 2. Rudi usome hapo. Hakuna bunge linalokaa kuzungumza kitanda cha watoto 2 kama watoto hawajawahi kurundikwa 3 na 4.

Na nani aangalie kama inafuatwa? Kazi hiyo walipewa hakimu wa mtaa na kasisi, bila mshahara. Watu hao mara nyingi walikula meza moja na mwenye kiwanda. Sheria ikalala. Nilipofika hapo kwenye zile karatasi nilimwona waziwazi yule bwana wetu wa suti na chupa ya soda. Mwaka 1819 ikaja nyingine ya viwanda vya pamba, kwamba mtoto wa chini ya miaka 9 asiajiriwe kabisa, na wa miaka 9 hadi 16 asizidi saa 12 kwa siku. Hiyo nayo haikuwa na mkaguzi wa kweli, nayo ikalala.

Sasa sikiliza kilichoiamsha, Mhariri, maana kitakufurahisha. Ilikuwa barua kwa mhariri. Mwaka 1830 mtu mmoja aitwaye Richard Oastler, msimamizi wa mashamba ya tajiri huko Yorkshire, aliandikia gazeti la Leeds Mercury. Oastler alikuwa mpinzani wa utumwa wa visiwa vya Karibi. Katika barua ile alisema kwamba watu wa Yorkshire wanalia machozi kwa ajili ya watumwa wa ng'ambo, ilhali katika viwanda vya sufu vya jimbo lile lile kuna watoto wao wenyewe walio katika utumwa. Wenye viwanda wakajibu, wengine wakajibu majibu, mikutano ikajaa, na mwaka 1832 kamati ya Bunge chini ya Michael Sadler ikawasikiliza wafanyakazi wenyewe wakieleza jinsi walivyopigwa wasisinzie.

Mwaka 1833 ikatoka sheria yenye meno. Mtoto wa chini ya miaka 9 asiingie kiwanda cha nguo, isipokuwa vya hariri, ambavyo wenyewe walijipenyeza wakasamehewa. Wa miaka 9 hadi 13 asizidi saa 48 kwa wiki, na kila siku apate saa 2 za shule. Wa miaka 13 hadi 18 asizidi saa 69. Usiku, mtu wa chini ya miaka 18 asifanye kazi. Ndugu yangu wa Mbale, hizo saa 48 za mtoto wa Manchester wa mwaka 1833 ndizo saa ambazo Sheria ya Ajira ya Uganda ya mwaka 2006 inampa mtu mzima. Na nikitembea jioni barabara ya kwenda Kampala, nakutana na vijana waliozimaliza siku ya Alhamisi.

Lakini kilichobadilisha mambo si zile saa. Ni watu 4. Sheria ya 1833 iliajiri wakaguzi 4, wakalipwa na serikali na si na tajiri, wakapewa haki ya kuingia kiwandani na kuhoji watu. Walikuwa 4 kwa nchi nzima, yenye maelfu ya viwanda, unaweza kucheka. Mmoja wao, Leonard Horner, aliifanya kazi hiyo mpaka mwaka 1859, na ripoti zake zilikuwa zikichapishwa mtu yeyote azisome. Ndani yake matajiri walijikuta wakiwa uchi.

Wakaguzi hao walijifunza ujanja wote ambao sisi tulidhani tuliuvumbua Jinja. Kwanza, umri. Uingereza ya wakati ule haikuwa na daftari la serikali la vizazi mpaka mwaka 1837, kwa hiyo mtoto alipelekwa kwa daktari, akatazamwa urefu, akafunguliwa kinywa ahesabiwe meno, akaandikiwa cheti kwamba anaonekana ana miaka 9. Sisi tunayo barua ya mwenyekiti wa LC 1, yaani baraza la kijiji. Nimeona msichana akiingia getini na barua inayosema ana miaka 19, na sauti yake bado ya kuimba mdako. Katiba yetu inasema wa chini ya miaka 16 ni mtoto wa kulindwa dhidi ya unyonyaji, na marekebisho ya Sheria ya Watoto ya mwaka 2016 yakaweka miaka 16 kuwa umri wa kuanza kuajiriwa. Barua ya LC haijasoma hayo.

Pili, saa ya ukutani. Hili nililipenda sana. Wenye viwanda walikuwa wakiisogeza: asubuhi inakwenda mbele ili kengele ilie mapema, jioni inarudi nyuma. Dakika 5 hapa, dakika 10 pale wakati wa chakula, mwisho wa wiki umemwibia mtu saa nzima. Basi sheria ya mwaka 1844 ikaamuru kwamba muda wa kazi upimwe kwa saa ya hadharani, kama ile ya stesheni ya reli. Kwetu, saa iliyokuwa juu ya mlango wa idara haikuwahi kupatana na king'ora cha kiwanda jirani, na ikikosea haikuwahi kukosea kwa faida yetu.

Sheria hiyo ya 1844 ndiyo iliyonitoa jasho darasani. Iliamuru gia, mikanda na mihimili ya mashine, yaani vyuma virefu vinavyozunguka kuendesha mikanda, ifunikwe. Ikakataza watoto na vijana kusafisha mashine ikiwa inazunguka. Na ikasema, mtu akiumizwa na mashine ambayo haikufunikwa, mwenye kiwanda atozwe faini kati ya pauni 10 na 100, na fedha hizo aweza kupewa aliyeumia. Mwaka 1844! Kava langu, bolti zangu na kitambaa cha rafiki yangu, vyote vilikuwa vimeandikwa miaka 139 kabla ya usiku ule, na katika nchi ile ile iliyotuuzia mashine. Waliotengeneza kadi zile waliweka kava si kwa huruma. Walilazimishwa.

Na usidhani walikubali. Mwaka 1837 mchumi mmoja mkubwa, Nassau Senior, alidai kwamba faida yote ya kiwanda hupatikana katika saa ya mwisho ya kazi. Ukiikata, tajiri habaki na kitu na viwanda vitahama. Umesikia sauti ya Mbale hapo? Mwaka 1847 Bunge likaikata hiyo saa ya mwisho, likapitisha saa 10 kwa siku kwa wanawake na vijana. Wenye viwanda wakatafuta mlango wa nyuma, wakawa wanawaita watu kwa mafungu mafungu kutoka alfajiri mpaka usiku ili mkaguzi asijue nani ameanza lini, mpaka sheria ya 1850 ikafunga mlango huo kwa kusema kazi ni kati ya saa 12 asubuhi na saa 12 jioni, kwa gharama ya kuongeza nusu saa kwa siku. Na viwanda? Havikuhama. Viliendelea kuvaisha dunia, na hata pamba iliyoanza kupandwa hapa Uganda mwaka 1903 ilipandwa ili ikavilishe.

Sitamficha ndugu yangu upande wa pili. Sheria inaweza kurudi nyuma. Mwaka 1855 wenye viwanda waliunda chama chao cha kupigana na amri ya kufunika mihimili, wakachanga fedha za mawakili, na mwaka 1856 Bunge likalegeza kamba: mihimili mingi ya juu ikaruhusiwa kubaki wazi. Horner alipinga, hakusikilizwa. Watu wakaendelea kunyongwa na mikanda. Kwa hiyo mtu akiniambia sheria ya mwaka 2006 imekwisha kupita na tukalale, mimi silali.

Sasa tuje nyumbani. Tarehe 29 Aprili 1954 Malkia Elizabeth II alifungua bwawa la Owen Falls, hapa mtoni kwetu, na umeme ule ndio ulioifanya Jinja kuwa mji wa mabomba ya moshi. Serikali ya kikoloni ilikuwa imejua viwanda vinakuja, ikatunga sheria ya viwanda miaka hiyo ya 1950, iliyofuata kwa karibu ile ya Uingereza ya mwaka 1937, kama walivyofanya Kenya na Tanganyika. Ilizungumzia kava, ngazi, boila, milango ya moto, vyoo. Sisi tulioshika spana hatukuwahi kuiona. Ilikuwa kwa Kiingereza, kabatini.

Mwaka 1963, mwaka mmoja baada ya Uhuru, Uganda iliridhia Mkataba namba 81 wa Shirika la Kazi Duniani, unaohusu ukaguzi wa kazi. Mkataba huo unasema mkaguzi mwenye kitambulisho ana haki ya kuingia mahali pa kazi saa yoyote, mchana au usiku, bila kutoa taarifa kabla. Bila taarifa. Nilipouliza katika kozi ile kwa nini basi wakubwa wetu walijua wiki nzima kabla, mwalimu alivua miwani, akaifuta, akasema tuendelee na ukurasa unaofuata.

Mwaka 2006 Bunge letu lilipitisha sheria 4 za kazi kwa mpigo, mojawapo ikiwa Sheria ya Usalama na Afya Kazini, ambayo ilichukua nafasi ya ile ya kikoloni. Ni sheria nzuri, nasema kweli. Mahali penye wafanyakazi 20 panatakiwa kuwa na kamati ya usalama. Sheria ya Ajira ya mwaka huo inataka muda wa ziada ulipwe mara 1.5, na sikukuu mara 2. Kanuni za mwaka 2011 zinasema mtu asibaki kibarua kwa zaidi ya miezi 4. Fidia nayo ina sheria yake ya mwaka 2000: mfanyakazi akifa kazini, warithi wanastahili mishahara ya miezi 60. (Mshahara wenyewe ni kisa kingine. Kima cha chini kiliwekwa mwaka 1984, shilingi 6,000 kwa mwezi, na tangu hapo hakijaguswa. Bunge lilijaribu mwaka 2019, Rais akakataa kutia sahihi. Nikianza hilo barua hii haitaisha.)

Nina mjukuu wa kike. Anafanya kazi usiku katika kiwanda cha vitu vya plastiki, sitasema wapi kwa sababu anahitaji kazi. Ana miaka 3 pale na bado ni kibarua. Kila miezi 4 ikikaribia kutimia anaambiwa apumzike wiki moja, kisha anaandikwa upya kama mtu ambaye hawajawahi kumwona. Anaingia saa 1 jioni, anatoka saa 1 asubuhi. Wakishaingia, askari anafunga geti la ndani kwa kufuli, kwa sababu bidhaa zilikuwa zikiibwa. Nikamuuliza, ufunguo uko wapi? Kwa askari. Askari yuko wapi? Getini nje, wakati mwingine amelala.

Mhariri, tarehe 25 Machi 1911 kiwanda cha blauzi cha Triangle, New York, kiliungua. Walikufa watu 146, wengi wao wasichana wa umri wa mjukuu wangu, na mlango mmoja wa kutokea ulikuwa umefungwa kwa ufunguo ili wasitoke na vipande vya kitambaa. Sababu ni ile ile, wizi. Aliyesimama barabarani akiwaona wakiruka madirishani, mwanamke aitwaye Frances Perkins, baadaye akawa Waziri wa Kazi wa Marekani, na sheria nyingi za nchi ile zina mkono wake. Na kwa anayedhani hayo ni ya babu zetu, tarehe 24 Aprili 2013 jengo la Rana Plaza, Bangladesh, liliwaangukia wafanyakazi wa nguo, wakafa 1,134. Nyufa zilionekana siku moja kabla. Benki iliyokuwa jengo hilo hilo iliwaambia watu wake wasije. Washonaji waliambiwa warudi mashineni.

Nilimwambia mjukuu wangu aripoti lile kufuli. Akaniuliza, "Babu, kwa nani?" Nikafungua mdomo, nikakosa jibu. Mimi niliyekuwa mjumbe wa chama! Najua kuna afisa wa kazi wilayani, najua kuna idara wizarani Kampala. Lakini jina la mtu, namba ya simu, mlango wa kugonga, sikuwa nao, na yeye hana mwajiri wa kumuuliza bila kufukuzwa.

Hapo ndipo ninapotaka kufika, na ombi langu ni dogo kuliko barua hii. Katika ile sheria ya 1844 kuna kifungu ambacho watu hukiruka, kwa sababu hakina damu wala watoto. Kiliamuru kwamba kwenye mlango wa kila kiwanda utundikwe muhtasari wa sheria, pamoja na jina na anwani ya mkaguzi, jina la daktari wa vyeti, na ni saa ipi ya hadharani inayofuatwa. Mfanyakazi akipita asubuhi anasoma. Asiyejua kusoma anasomewa. Mkaguzi anakuwa mtu mwenye jina, na mtu mwenye jina anaweza kuandikiwa barua, hata isiyo na sahihi.

Naiomba Wizara ya Jinsia, Kazi na Maendeleo ya Jamii ifanye hivyo hivyo. Geti la kila kiwanda liwe na ubao. Juu yake paandikwe saa za kazi, umri wa chini, na miezi 4 ya kibarua. Paandikwe jina la afisa wa kazi na mkaguzi wanaohusika, na simu ya ofisini. Na mstari mmoja wa mwisho, ambao Waingereza hawakuufikiria: tarehe ambayo mkaguzi alikuja mara ya mwisho, kwa mkono wake mwenyewe. Kama ni miaka 6 iliyopita, tuione hiyo miaka 6 kila asubuhi tukiingia. Iandikwe kwa Kiswahili, na Luganda au Lusoga kulingana na mahali, si Kiingereza peke yake. Haihitaji Bunge. Haihitaji mfadhili. Na mwekezaji mwaminifu hatakimbia ubao. Akiukimbia, tujue alikuwa anakimbia nini.

Ndugu yangu wa Mbale atasema mbao zina gharama. Nimeulizia hapa Jinja. Bati la geji 28, fremu ya angle bar, rangi kopo moja nyeupe na dogo jeusi. Mashine yangu ya kulehemu bado inafanya kazi umeme ukiwepo. Ubao wa kwanza nitautengeneza mimi bila malipo, futi 4 kwa 3, na bolti za kuufungia ninazo.

Fundi mstaafu,
Walukuba, Jinja